Taichi kwa mwenye kazi nyingi: maswali na majibu

Taichi ni mazoezi ya namna gani?

Ni sanaa ya kujihami ya Wachina inayofanywa polepole. Kijiji cha Chenjiagou, jimboni Henan, ndicho kinachotajwa zaidi kuwa chimbuko lake, katika karne ya 17. Wengi huanza na mfululizo wa miondoko 24 uliotungwa China mwaka 1956 ili watu wa kawaida waumudu. Ukiufanya wote unachukua kama dakika sita. Polepole si lelemama: magoti hukunjwa kidogo muda wote, kwa hiyo mapaja hayapumziki. Anayecheka akitazama, ajaribu dakika tatu.

Natoka kazini saa moja usiku nikiwa hoi. Muda nautoa wapi?

Dakika 10 kila siku zinatosha kuanzia, na zinafaa kuliko saa nzima ya Jumamosi, kwa sababu mwili hushika mwondoko kwa kuurudia. Arusha mwezi wa Juni na Julai, saa kumi na mbili asubuhi bado giza na baridi inauma. Sukuma meza pembeni ufanyie sebuleni, nafasi ya mita mbili kwa mbili inatosha. Moshi, hasa Januari na Februari, wahi kabla jua halijachoma. Nesi anayetoka zamu ya usiku afanye kabla ya kulala. Mazoezi haya hayachangamshi kiasi cha kufukuza usingizi.

Naanzaje?

Achana na miondoko 24 kwanza. Kwa wiki mbili fanya miwili tu.

Simama nyayo zikiwa sambamba, upana wa mabega. Legeza magoti, kama mtu aliyetaka kukalia stuli ndefu akaghairi. Shusha mabega. Vuta pumzi puani, tumbo lijae, huku mikono ikipanda mbele hadi usawa wa mabega, viwiko vikibaki chini kuliko viganja. Toa pumzi mikono ikishuka hadi kiunoni. Hesabu nne kupanda, nne kushuka, mara nane. Ukiona mabega yanapanda pamoja na mikono, umeinua mikono juu mno.

Wa pili ni kuhamisha uzito. Peleka mwili wote juu ya mguu wa kulia, kisha inua kisigino cha kushoto. Kikipanda bila mwili kuyumba, uzito umehama kweli. Ukiyumba, nusu ya uzito umeiacha kushoto. Rudi katikati, badili upande, mara kumi kila upande. Hapa ndipo taichi yote ilipo, na ndipo wengi wanaparuka wakimbilie mikono yenye madoido.

Tangu nianze, magoti yanauma. Kwa nini?

Mara nyingi ni kwa sababu unageuza unyayo ukiwa umeukalia kwa uzito wote. Unyayo umeng'ang'ania sakafu, mwili unageuka, na goti linasokotwa katikati. Rudisha uzito mguu wa nyuma kwanza, geuza unyayo wa mbele ukiwa mwepesi, ndipo uukanyage tena.

Angalia pia goti linaelekea wapi. Lifuate vidole vya mguu, lisiangukie ndani, wala lisivipite vidole kwa mbele. Ukipiga hatua mbele, acha nafasi ya upana wa nyonga kati ya nyayo mbili. Ukizipanga mstari mmoja utapepesuka, na goti ndilo litakalohangaika kukushikilia. Usichuchumae sana, hata kama mwalimu wa kwenye video anakaribia kugusa sakafu.

Viatu navyo vina lawama. Raba za kukimbilia zenye soli nene zinanasa, hasa kwenye kapeti. Vaa viatu bapa vya soli nyembamba, au peku kwenye sakafu kavu. Maumivu yakiendelea siku kadhaa, au goti likivimba, simamisha mazoezi uende hospitali.

Nina presha. Niache dawa?

Hapana. Taichi inaweza kusaidia kuishusha kiasi, lakini dozi hubadilishwa na daktari tu. Ushahidi ulio imara zaidi ni kwamba inaimarisha mizani ya mwili na kupunguza kuanguka kwa wazee, na inapunguza maumivu ya magoti yaliyosagika. Haichukui nafasi ya kutembea kwa haraka: Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Shuka daladala kituo kimoja kabla, utaanza kuzipata.

Nafanya kila siku, mbona msongo haupungui?

Simu iko wapi? Ikiwa mezani inang'aa, kichwa bado kiko kwenye kikao. Ipeleke chumba kingine. Pengine pia unakimbiza miondoko ili umalize. Hapo unafanya kazi nyingine ya ziada tu. Na tusidanganyane: mafaili ya watu watatu ukirundikiwa peke yako, taichi haitayapunguza. Hilo ni la kuzungumza na bosi. Usingizi ukipotea zaidi ya wiki mbili, au ukikosa hamu ya kila kitu, muone daktari. Maumivu ya kifua hayasubiri kesho.

Ofisini naweza kufanya?

Ule wa kuinua mikono, ndiyo. Vua viatu vya kisigino, legeza tai, simama nyuma ya kiti. Dakika mbili baada ya kila kikao kirefu. Mwenye kizunguzungu afanye ameketi, nyayo zote zikiwa chini.