Bei ya Picha za Pasipoti Lamu: Chama cha Wapiga Picha Kinaruhusiwa Kuipanga?

Karatasi yenyewe imepigwa chapa, imelaminetiwa vizuri, imebandikwa ukutani pembeni ya kile kitambaa cheupe cha kupigia picha. Imeandikwa bei ya picha 4 za pasipoti, bei ya kuprinti picha kubwa, bei ya kulamineti cheti, alafu chini kabisa kwa herufi nzito: bei hizi ni za chama, usiombe kupunguziwa. Aliyenitumia picha ya hio karatasi ni mama mmoja wa Lamu, alikuwa anatafuta picha za watoto watatu za kupeleka shule, akazunguka kutoka Langoni mpaka Mkomani duka baada ya duka na jua lile, kote karatasi ni ileile na bei ni ileile, na pale alipojaribu kubembeleza, kijana wa studio akamwambia mama mimi ningekupunguzia lakini wenzangu wakijua watanitoza faini.

Kwenye hilo neno faini ndo mimi nikasimama.

Kazi yangu ni mambo ya ushindani wa biashara, na swali la yule mama lilikuwa moja tu, hii inaruhusiwa? Sitaji duka wala chama, manake mpaka uchunguzi ufanyike na wenyewe wasikizwe hizo ni tuhuma tu. Lakini sheria tunaweza kuizungumza, na naona watu wengi wanaielewa kinyume, wateja kwa wenye maduka.

Kwanza tuondoe kosa moja. Bei kufanana si hatia. Lamu ni kisiwa, karatasi za glosi na wino wa printa vinatoka Mombasa vinafika Mokowe alafu vinavushwa kwa boti, na kama maduka sita yananunua kwa muuzaji mmoja na yanalipa usafiri uleule basi usishangae bei zao zikikaribiana. Na tena mwenye duka ana macho, anapita kwa jirani anaona ameandika mia moja na hamsini, anarudi kwake naye anaandika mia moja na hamsini. Hapo hajavunja chochote, ameangalia soko akaamua mwenyewe. Kosa linaanza pale wanapokaa pamoja, iwe barazani, iwe kwenye kikao cha chama chenye ajenda na muhtasari, iwe kwenye grupu la WhatsApp, wakaambiana kuanzia Jumatatu hakuna kushuka chini ya kiasi hiki. Kinachotazamwa ni makubaliano, bei yenyewe hata ingekuwa ya chini haibadilishi kitu.

Sheria inaitwa Sheria ya Ushindani ya Kenya, namba 12 ya mwaka 2010. Kifungu cha 21 kinakataza makubaliano kati ya wafanyabiashara, na pia uamuzi wa vyama vyao, yenye lengo au matokeo ya kuzuia ushindani, na kupanga bei kumetajwa waziwazi mle, sawa na kugawana wateja au maeneo (ile ya wewe chukua harusi za Langoni mimi niachie za Mkomani, hio pia imo) na kupanga nani ashinde tenda, tuseme ya kupiga picha za wanafunzi wa shule nzima.

Alafu kuna kifungu cha 22, hiki kimeandikwa kwa ajili ya vyama vya wafanyabiashara hasa, na hiki ndo kinawashangaza viongozi wa vyama kila nikiwasomea. Mwenyekiti ataniambia sisi hatulazimishi mtu, tumetoa bei elekezi tu, anayetaka afuate asiyetaka aache. Bwana mwenyekiti, kifungu kinakataza hata mapendekezo. Chama kikipendekeza kwa wanachama wake bei ya kutoza, au faida ya kuweka juu ya gharama, au fomula ya kupigia hesabu ya bei, kimeshaingia kwenye katazo, hakuna haja ya kumlazimisha mtu. Sasa kikiongeza faini kwa anayeshuka, au kikimtoa mtu chamani bila sababu ya haki, hapo kinazidi kujitafutia, kwa sababu kumfungia nje mfanyabiashara anayefanya kazi yake kwa uaminifu nako kumetajwa kwenye kifungu hikohiko.

Swali ambalo huwa siliepuki kila nikienda kwenye vikao ni hili la mafuta. Mbona EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, kila tarehe 14 inatangaza bei ya petroli na hakuna anayeshtakiwa? Jibu ni kwamba EPRA ni chombo cha serikali kilichopewa kazi hio na sheria, na bei inayotangaza ni dari, kituo kikitaka kuuza chini yake kiuze, hakikatazwi. Chama cha wapiga picha hakijapewa kazi hio na mtu yeyote zaidi ya wenyewe, na wanachoweka wao si dari, ni sakafu. Yaani mmoja anamzuia muuzaji asipande, mwingine anamzuia asishuke. Ukiwa mteja unajua ni yupi anakusaidia.

Sasa niwatetee kidogo hawa wa studio, manake sipendi kuwaongelea kama majambazi. Biashara yao imebanwa kwelikweli. Zamani ulikuwa huna namna, picha ni studio, filamu ipigwe isafishwe uambiwe urudi siku nyingine. Leo kila mtu ana kamera mfukoni, saiba zinaprinti, kuna kijana ana simu nzuri na printa ndogo anapiga picha za pasipoti barazani kwao bila kodi ya duka wala taa. Wenye maduka wanamwita huyo kijana mharibu soko. Nami nawaelewa, ukilipa kodi na umeme na vibali vya kaunti alafu mtu aje auze nusu ya bei yako utaumia. Ila hebu tupige hesabu. Karatasi moja ya inchi 4 kwa 6 inatoa picha 8 za pasipoti za milimita 35 kwa 45. Mteja wa picha 4 ametumia nusu ya karatasi moja. Gharama kubwa haiko kwenye karatasi, iko kwenye kodi ya chumba, mashine, na muda wa kumkalisha mtoto mdogo atulie aangalie mbele. Na hizo gharama hazilingani kati ya duka na duka. Mwenye chumba cha urithi halipi kodi, mwenye mke anayesaidia dukani halipi mfanyakazi. Ukiwafungia wote bei moja, yule mwenye gharama ndogo amenyimwa njia ya kuvuta wateja, mwenye kuzembea amelindwa, na tofauti yote anailipa mama mwenye watoto watatu. Lamu ni mji wa studio toka zamani, wakubwa wanaikumbuka Bakor Studio ya marehemu Omar Said Bakor na picha zake za kukata na kubandika. Kazi ya namna ile inajitafutia wateja wenyewe, haingoji kulindwa na karatasi ya ukutani.

Wenye studio huniambia pia, ati sisi ni wadogo, sheria ni ya makampuni makubwa. Ni kweli kesi zinazovuma ni za wakubwa, mwezi wa Agosti 2023 Mamlaka ya Ushindani, ndo inayosimamia sheria hii, ilizipiga kampuni 9 za chuma faini ya zaidi ya shilingi milioni 338 zikijumlishwa, kwa mambo ya kupanga bei na kubana wingi wa bidhaa sokoni. Lakini katazo la kifungu cha 21 halijasema duka likiwa dogo linasamehewa. Mamlaka inaweza kutoza mpaka asilimia 10 ya mauzo ya mwaka uliotangulia, na hapa ni mauzo yote yaliyoingia, faida ni kitu kingine. Duka lililouza laki sita kwa mwaka linaweza kuambiwa lilipe mpaka elfu sitini. Hio ni faini ya kiofisi. Ikifika mahakamani na mtu akapatikana na hatia ni mpaka shilingi milioni 10 au kifungo mpaka miaka 5 au vyote viwili.

Kuna mlango wa kutokea, na ni vizuri ujulikane. Kifungu cha 89A kinampa nafuu mfanyabiashara anayekwenda mwenyewe kwa hiari yake kueleza mpango aliokuwemo na kusaidia uchunguzi, anaweza kuondolewa faini yote au sehemu yake. Anayewahi ndo anafaidika zaidi. Kwa hio chamani kwenu mkianza kutazamana kwa shaka msishangae, ndo ilivyokusudiwa.

Chama chenyewe kibaki, sijasema kivunjwe. Fundishaneni kupiga picha zisizokataliwa maofisini, kaeni na kaunti mzungumze ada za leseni, saidianeni mtu akifiwa au mashine ikimharibikia. Mkitaka kuagiza karatasi na wino pamoja kutoka Mombasa ili mpate bei ya jumla, ulizeni Mamlaka kwanza, kifungu cha 25 kinaruhusu kuomba ruhusa maalum na mkionyesha faida kwa watu ni kubwa kuliko madhara mnaweza kupewa.

Kwa mteja, ukiona karatasi kama ile piga picha yake, andika tarehe na maduka uliyoulizia na bei ulizotajiwa, ukiambiwa maneno ya faini ya chama yaandike kama ulivyoyasikia, alafu peleka malalamiko kwa Mamlaka. Usigombane na kijana wa dukani, mara nyingi yeye mwenyewe anaogopa.

Na kwa mwenye duka ambaye hakutaka huo mpango akajikuta ndani, kukaa kimya hakukutoi. Mazungumzo yakihamia kwenye bei sema palepale kwamba hukubali, omba iandikwe kwenye muhtasari kuwa umekataa, uondoke kikaoni. Kwenye grupu andika hivyohivyo kabla ya kutoka. Tatizo tunalokutana nalo ni mtu anasema hakukubali kabisa, ukifungua simu unakuta chini ya ule ujumbe wa bei mpya ameweka kidole gumba, saa tatu na dakika kumi usiku.