Je, wajua kwa nini puta ya mwenzako inakugomea wewe?

Unaazima puta ya jamaa, ile fimbo ya gofu ya kusukumia mpira shimoni, yeye akiishika mpira wa mita 3 unazama, wewe ukiishika unapita kulia, tena kulia, mpaka kedi, yule mbeba fimbo, anajifanya yuko bize na bendera. Kila mtu atakuambia mkono wako ndo mbovu. Inawezekana, ila kuna kitu wengi hawaangaliagi kabisa: uzito wa kichwa cha puta umekaa wapi.

Laza mpini juu ya kidole kimoja, karibu na kichwa, sogeza mpaka utulie, afu angalia. Ule uso unaopiga mpira ukitazama juu darini, hiyo puta imesawazishwa, haipendi kujizungusha. Ncha, yaani ule mwisho wa kichwa ulio mbali na miguu yako, ikining'inia kuelekea sakafuni, hiyo ni ya ncha nzito, inapenda kufunguka ukivuta nyuma na kujifunga ukienda mbele, kama mlango kwenye bawaba. Zipo za katikati pia, ncha imeinama nusu tu.

Sasa we unapigaje? Kama nyumbani kuna vigae umemaliza kazi, weka puta kwenye ule mstari kati ya kigae na kigae, mwambie mtu akurekodi na simu kwa nyuma. Kichwa kikifuata mstari karibu muda wote we ni wa moja kwa moja, kikiingia upande wa miguuni afu baada ya mpira kikaingia tena, we ni wa tao. Moja kwa moja asilimia mia ni ngumu kupata, maana sheria za gofu zenyewe zinataka mpini uiname angalau digrii 10 kutoka wima, na kitu kilichoinama ukikibembeza kitazunguka tu kidogo.

Wa tao achukue ncha nzito, wa moja kwa moja achukue iliyosawazishwa. Ukichanganya, tuseme unapiga kwa mkono wa kulia na mwendo wako umenyooka afu umebeba ncha nzito, ncha inachelewa kurudi, uso unabaki wazi, mpira huyo kulia. Wa tao naye akibeba iliyosawazishwa inagoma kugeuka, analazimisha na viganja, leo kushoto kesho kulia.

Na kosa lenyewe wala halihitaji kuwa kubwa. Shimo lina upana wa milimita 108, yaani toka katikati hadi ukingoni ni sentimita 5.4. Mpira wa mita 3 ukianza na kosa la digrii 1 unafika umehama sentimita 5 hivi, unalamba ukingo. Digrii 2 umeshapita nje, na mpira unaanza kuelekea kule uso ulikotazama kuliko kule mkono ulikopita.

Usidanganyike na umbo. Watu wanasema kichwa kipana basi kimesawazishwa, chembamba basi ncha nzito, mara nyingi ni kweli lakini kinachoamua ni shingo, mpini umeingia wapi kwenye kichwa. Kuna vichwa vipana vyenye shingo fupi ya kulala ambavyo ncha inaning'inia vizuri tu, so duka likikuambia chochote we weka kidoleni.

Mcheza gofu Tiger Woods kachukua meja (yale mashindano makubwa kabisa ya gofu) 14 kati ya 15 zake na puta nyembamba ya aina moja, mwenzake Scottie Scheffler naye Machi 2024 akahamia kichwa kipana, akashinda mashindano ya Bay Hill na wiki iliyofuata yale ya The Players. Mimi nisingemuiga yeyote kati yao kabla ya kujirekodi.

Kabla hujatoa hela angalia na urefu. Nyingi za dukani ni inchi 33 hadi 35, ikiwa ndefu kwako unasimama mbali na mpira, macho yanabaki upande wa miguuni badala ya juu ya mstari wa mpira, na tao linaongezeka lenyewe, kumbe shida siyo uzito. Fundi anaweza kuikata, ila mwambie akague na uzito, maana mpini ukifupishwa kichwa unakihisi chepesi.