Majitaka Yanaporudi Ndani ya Nyumba: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Kusafisha Chumba cha Chini

Mji wa Mbeya umekaa chini ya Mlima Loleza, na Iringa umejengwa juu ya kilima kinachotazama bonde la Ruaha Mdogo. Wanaojenga kwenye miteremko ya miji hii mara nyingi huchimba ubavu wa kilima na kupata chumba cha chini, ambacho huwa stoo, chumba cha vijana au cha kupangisha. Mvua zinapokolea, kati ya Novemba na Aprili, ardhi hushiba maji, shimo la kunyonyea hushindwa kupokea zaidi, na majitaka hutafuta tundu lililo chini kuliko yote. Katika nyumba ya namna hiyo, tundu hilo ni la bafu la chumba cha chini. Kinachofuata hutegemea ushauri wa majirani, na sehemu ya ushauri huo, ingawa hutolewa kwa nia njema, huleta madhara makubwa kuliko majitaka yenyewe.

Dhana: harufu ikiisha, hatari imekwisha.

Pua haipimi vimelea. Sakafu inayonukia sabuni inaweza kubaki na bakteria wa homa ya matumbo na wa kipindupindu, na virusi vya homa ya ini aina A. Kipindupindu si jambo la kufikirika kwetu, kwa maana mlipuko ulioanzia Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 ulisambaa katika karibu mikoa yote ya Tanzania Bara. Mayai ya minyoo nayo hayana harufu yoyote, na mayai ya minyoo ya mviringo yanaweza kukaa hai kwenye udongo wenye unyevu kwa miezi mingi, hata miaka.

Katika nyanda zetu kuna jambo la ziada ambalo halisemwi vya kutosha. Hili ni eneo la wafugaji wa nguruwe, na tegu wa nguruwe, aina ya mnyoo, yupo. Wilaya ya Mbozi ni miongoni mwa maeneo ambayo watafiti wamemfuatilia kwa miaka mingi. Watu wengi wanaamini kwamba asiyekula kitimoto hawezi kudhurika na tegu. Ukweli ni kwamba nyama isiyoiva vizuri humpa mlaji mnyoo wa tumboni, lakini mayai ya mnyoo huyo hutoka na kinyesi cha binadamu, na yeyote atakayeyameza, awe anakula nguruwe au hali, anaweza kupata vifuko vya lava ndani ya ubongo. Vifuko hivyo husababisha degedege na kifafa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika maeneo mengi yenye tegu huyu, takribani asilimia 30 ya kifafa hutokana naye. Kwa sababu hiyo, mtoto anayetambaa kwenye sakafu iliyopigwa deki harakaharaka, kisha akatia mkono mdomoni, yumo hatarini hata kama chumba kinanukia vizuri.

Dhana: mwaga jiki nyingi kwanza, itaua kila kitu.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na kosa lake kubwa liko kwenye mpangilio wa kazi. Klorini iliyomo ndani ya jiki ikikutana na kinyesi, tope au mafuta, huishia kupambana na uchafu huo na kupoteza nguvu kabla ya kuvifikia vimelea. Jiki iliyomwagwa juu ya tope ni fedha iliyotupwa. Uchafu mzito uzolewe kwanza kwa koleo na kutiwa ndani ya ndoo yenye mfuniko, kisha sakafu na kuta zisuguliwe kwa brashi ngumu, maji na sabuni ya unga, na zisuuzwe. Baada ya hapo ndipo klorini inapofanya kazi yake. Kwa chupa iliyoandikwa asilimia 3.5, sehemu moja ya jiki ichanganywe na sehemu sita za maji ili kupata nguvu ya asilimia 0.5, nayo iachwe juu ya sakafu kwa angalau dakika 10 kabla ya kusuuzwa. Mchanganyiko utengenezwe siku hiyohiyo, kwa sababu klorini iliyochanganywa hupungua nguvu, hasa ikiachwa juani. Mayai ya minyoo niliyoyataja yana ganda linalostahimili klorini ya kawaida. Hayo huondolewa kwa kusuguliwa na kusuuzwa, na ndiyo maana brashi ina uzito kuliko chupa.

Wapo pia wanaochanganya jiki na dawa ya choo yenye tindikali ili kuongeza makali. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo ni nzito kuliko hewa, na ndani ya chumba cha chini hutanda palepale usawa wa mtu aliyeinama kusugua. Mtu akianza kukohoa na macho yakawasha, atoke nje mara moja na asirudi hadi chumba kipate hewa. Jiki isichanganywe na kitu chochote zaidi ya maji.

Dhana: washa jiko la mkaa, chumba kitakauka upesi.

Naomba wasomaji wa Mbeya, Iringa na Njombe wasome sehemu hii kwa makini, kwa kuwa baridi yetu imefanya jiko la mkaa ndani ya chumba lionekane jambo la kawaida. Mkaa unaowaka bila moshi bado hutoa gesi ya monoksidi ya kaboni, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu huanza kuumwa kichwa, hulegea, husinzia, na anaweza kufa akiwa usingizini. Chumba cha chini chenye dirisha moja dogo ni mahali pabaya kuliko pote pa kuwashia jiko. Gesi hiyohiyo hutoka kwenye pampu ya petroli inayoazimwa ili kuvuta maji; injini ibaki nje, mbali na mlango na madirisha, na ni mpira wa kuvutia pekee unaoshuka ndani.

Chumba hukauka kwa hewa inayopita. Mlango na madirisha yaachwe wazi, na fundi umeme akishakagua nyaya na soketi za chumba, feni ielekezwe nje ili isukume hewa yenye unyevu. Wakati wa mvua kazi hii huchukua muda mrefu kuliko watu wanavyotarajia, kwa sababu tofali za kuchoma hunywa maji na kuyapandisha juu ya alama iliyoachwa na majitaka. Ukipita na kiganja ukutani utahisi ubaridi wa unyevu juu ya mstari huo, hata pale ambapo rangi inaonekana kavu. Bandika kipande cha nailoni ukutani kwa gundi pande zote nne na ukiache siku nzima. Matone yakionekana ndani ya nailoni, ukuta bado una maji na haufai kupakwa rangi. Lipu iliyolainika ibanduliwe. Ubao wa jipsamu uliolowa hausafishiki, kwa hiyo ukatwe hadi angalau sentimita 30 juu ya alama ya maji. Vitu vilivyolowa vinaweza kuanza kuota ukungu ndani ya saa 24 hadi 48, ndiyo maana haifai kusubiri hadi Jumamosi ambapo watu wote watakuwa nyumbani.

Dhana: godoro likipata jua kali litafaa tena.

Halifai. Jua hukausha kitambaa cha juu huku sponji ikibaki na majitaka katikati. Likandamize kwa mguu baada ya siku mbili za jua na utaona maji ya rangi ya udongo yakichuruzika. Najua bei ya godoro, na najua uchungu wa kulitupa, lakini godoro, mto, zulia zito na kochi la sponji vilivyoloweshwa na majitaka havisafishiki nyumbani. Vichanwe kabla ya kutupwa ili mwingine asiviokote na kuvilalia. Nguo na mashuka huokoka yakifuliwa peke yake kwa maji ya moto na sabuni, kisha yakakaushwa kabisa. Vyombo vya bati, kioo na plastiki ngumu huoshwa na kutiwa klorini. Kabati la mbao za kubandika likishavimba, halirudi.

Kuhusu umeme, dhana kwamba maji ya kufika kifundo cha mguu hayana neno ni ya hatari. Usiingie ndani ya maji kabla umeme haujazimwa, na kama swichi kuu imo ndani ya chumba hichohicho, isiguswe. Aitwe TANESCO au fundi mwenye leseni. Watoto na wajawazito wasishiriki kazi hii. Anayesafisha avae gambuti, glavu za mpira na kinga ya macho, na mwenye kidonda kibichi amwachie mwingine.

Dhana: kijana mmoja ashuke shimoni azibue.

Hakuna anayepaswa kushuka, hata kwa dakika moja. Ndani ya shimo la choo na ndani ya chemba yenye kina hukusanyika gesi ya salfidi ya hidrojeni, yenye harufu ya yai viza, na hewa yenye oksijeni kidogo. Watu husema kwamba wakiacha kusikia harufu, gesi imetoka. Kinyume chake ndicho kinachoweza kuwa kweli: gesi hiyo ikifikia takribani sehemu 100 kwa milioni, pua huacha kuinusa, na mtu huendelea kuvuta sumu akidhani yuko salama. Aliyeanguka shimoni hufuatwa na ndugu yake, na ndugu naye huanguka. Kuziba kuondolewe kutoka juu kwa fimbo ndefu za kuzibulia au kwa gari la kunyonya majitaka.

Gari hilo nalo lina dhana yake, kwamba likishanyonya tatizo limekwisha. Ikiwa ardhi imeshiba, maji huchuja kurudi na shimo hujaa tena baada ya siku chache. Kumwaga chumvi au jiki kwa wingi shimoni hakusaidii. Jiki huua bakteria wanaoyeyusha kinyesi na hivyo shimo hujaa mapema zaidi. Wakati huo wa kusubiri ardhi ikauke, punguza maji yanayokwenda shimoni, na ukague kama mabomba ya mvua ya paa hayajaunganishwa na chemba ya majitaka, kosa ambalo mafundi wengi hulifanya ili kuokoa bomba. Yaelekezwe kwenye mtaro wa mvua. Kwa walio kwenye mtandao wa majitaka wa mamlaka ya maji, chemba ya barabarani ikifurika taarifa itolewe kwao, kwa sababu kuzibua ndani ya nyumba hakutafaa kitu.

Chumba cha chini chenye bafu kinahitaji valvu ya kuzuia maji kurudi nyuma, iwekwe kwenye bomba linalotoka chumbani humo pekee na si kwenye bomba kuu la nyumba. Ikiwa kwenye bomba kuu, maji ya ghorofa ya juu yatakosa pa kwenda valvu ikifunga, nayo yatamwagikia chini. Mfuniko wake uwe mahali panapofikika, ufunguliwe na kusafishwa kila Oktoba, kabla ya mvua za kwanza.