Chemchemi za Velilla na miti mikongwe ya Palencia: dhana potofu na ukweli

Velilla del Río Carrión ni kijiji cha milimani katika mkoa wa Palencia, kaskazini mwa Hispania. Hapo kuna bwawa dogo la mawe lenye matao matatu, na ubavuni mwake kikanisa cha San Juan de Fuentes Divinas. Wenyeji huliita La Reana. Wanahistoria hulijua kwa jina la Fuentes Tamáricas. Ukishika barabara ya CL-626 kuelekea mashariki, kabla hujafika Cervera de Pisuerga unalikuta bonde la Tosande na msitu wake wa tejo, miti yenye majani ya kijani mwaka mzima (Taxus baccata). Mbele zaidi, karibu na kijiji cha Estalaya, umesimama mwaloni mkongwe uitwao Roblón. Ukiwa na gari, vyote vitatu vinaonekana kwa siku mbili bila haraka.

Mengi yanayosemwa kuhusu sehemu hizi hayako sawa, na chanzo cha makosa kinafanana. Watu huhukumu kwa kile wanachokiona, ilhali kazi kubwa ya chemchemi iko ndani ya mwamba, na uhai wa mti mkongwe uko chini ya udongo na nyuma ya gome.

“Ukiikuta chemchemi imekauka, utakufa ndani ya siku saba”

Habari hii ina mwenyewe. Plinius Mzee, Mrumi aliyefariki mwaka 79 mlima wa volkano Vesuvius ulipolipuka, aliandika katika kitabu cha 31 cha Naturalis Historia kwamba Cantabria, nchi ya kale iliyokuwemo milima hii, kuna chemchemi tatu za Tamárica ambazo watu huzitumia kupigia ramli. Anasema zimeachana futi nane nane, yaani kama mita 2.4 kwa kipimo cha Kirumi, na maji yake hukutana katika mfereji mmoja. Hukauka siku 12, pengine 20. Aliyekwenda kuziangalia akazikuta kavu, hiyo kwake ni ndege mbaya, na Plinius anatoa mfano wa afisa wa Kirumi, Larcius Licinius, aliyefikwa na mauti baada ya siku saba.

Huyu Licinius hakuwa mtu wa hadithi tu. Mpwa wa Plinius anasimulia katika barua zake kwamba mjomba alipokuwa msimamizi wa fedha za dola huko Hispania, Licinius alitaka kuyanunua madaftari yake ya kumbukumbu kwa sesterti 400,000, fedha ya Kirumi. Plinius alikuwa akimwandika mtu aliyemfahamu. Lakini alichokiandika ni kwamba mambo mawili yalifuatana. Sababu ya kifo hakuitaja. Licinius hakuwa wa kwanza kuyakuta matao makavu wala wa mwisho, na wageni wa leo wanayakuta hivyo mara kwa mara, wanapiga picha na kurudi makwao salama.

Katika maelezo yaleyale kuna sentensi ambayo wengi huipita, nayo ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote: jirani na hizo tatu kuna chemchemi nyingine inayotoa maji mengi bila kukatika. Ingekuwa ukame, zingekauka zote. Plinius alikwisha kuuona ushahidi kwamba tatizo si uhaba wa maji, ni njia ambayo maji hupita.

“Ikikauka, maji yameisha mlimani”

Milima ya hapa ina mawe mengi ya chokaa. Mvua na theluji iliyoyeyuka hushuka kwenye nyufa, na kwa maelfu ya miaka maji yenye asidi kidogo huzila nyufa hizo mpaka zikawa mirija na mapango. Maji ya chemchemi za namna hii hayachujiki polepole kwenye udongo. Yanasafiri kwenye mabomba ya asili.

Chemchemi inayotoka na kukatika huelezwa hivi. Chukua mtu anayehamisha mafuta kutoka kwenye pipa kwa mpira. Mpira unapanda hadi ukingo wa pipa kisha unashuka nje. Mafuta yakishaanza kwenda yanaendelea yenyewe, na hayakatiki hadi ncha ya ndani ibaki juu ya mafuta na kuvuta hewa. Ndani ya mwamba, pipa ni pango na mpira ni mrija uliopinda kwenda juu kisha chini. Pango linajaa taratibu huku nje pakiwa pakavu. Maji yakifika usawa wa pindo la mrija, yanamwagika kwa mkupuo; yakishuka chini ya mdomo wa mrija, hewa inaingia na mtiririko unakatika, hata kama mvua inanyesha juu.

Mfumo mmoja wa namna hiyo ungekwenda kwa mpangilio, karibu kama saa. La Reana haiendi hivyo. Inatoka na kukatika bila mpangilio unaoweza kuandikiwa ratiba, kwa kuwa kasi ya pango kujaa hubadilika na majira, na mirija huweza kuwa mingi iliyounganika. Kwa hiyo usimwamini anayekuambia “njoo mwezi fulani utaikuta imejaa.” Cha kufanya ni kupita mara mbili: siku ya kufika na asubuhi ya kuondoka. Ukiikuta kavu, hujapoteza safari. Siku hiyo ndiyo sakafu ya bwawa na jinsi mawe ya matao yalivyopangwa huonekana vizuri, kwani maji yakijaa huficha nusu ya kazi ya mafundi.

Na matao matatu si chemchemi tatu za Plinius. Linaloonekana leo ni bwawa la chemchemi moja. García y Bellido na Fernández de Avilés walichapisha ripoti ya uchimbaji wao wa mahali hapa mwaka 1964, na tangu hapo wengi wanakubali kwamba ndipo alipopataja Plinius. Kuoanisha kila tao na chemchemi yake ni kuongeza chumvi.

“Maji ya mlimani yaliyo maangavu ni salama kunywa”

Hili ni kosa linalowaumiza watu kweli. Kwa kuwa mwamba wa chokaa hauchuji, kinyesi cha ng'ombe kilichodondoka malishoni juu kinaweza kufika kwenye bomba la kijiji chini bila vijidudu vyake kuchujwa, na maji yakabaki maangavu kama kioo. Hatari ni kubwa zaidi baada ya mvua kubwa.

Hispania kuna maneno matatu ya kuyajua yakiwa yameandikwa kwenye kibao. *Agua potable*: kunywa. *Agua no potable*: usinywe. La tatu ndilo linalowachanganya wageni: *agua no tratada* au *sin garantía sanitaria*. Maana yake ni kwamba maji hayatiwi dawa na hakuna anayeyadhamini, hata kama bibi wa nyumba ya jirani anayateka kila siku. Tumbo lake limeyazoea. La mgeni bado. Ukilazimika kuyanywa, yachemshe yatokote kwa dakika nzima. Ukipanda juu ya mita 2,000, yatokote dakika tatu, maana huko maji huchemka kwenye joto dogo. Kwa mzunguko wa Tosande beba lita moja na nusu kwa kila mtu, na wakati wa joto mbili.

“Kutupa sarafu ni heshima”

Sarafu za senti 1, 2 na 5 za euro ni chuma kilichopakwa shaba. Shaba ikichubuka, chuma hushika kutu na kuacha madoa juu ya jiwe. Za senti 10, 20 na 50 ni mchanganyiko ambao shaba ni asilimia 89. Shaba ndani ya maji ni sumu kwa wadudu na konokono wadogo, na bwawa hili ni dogo. Weka sarafu mfukoni.

“Kivuli cha tejo kinaua”

Kisa hiki nacho ni cha kale. Plinius huyohuyo alirudia habari kwamba huko Arcadia, Ugiriki, anayelala au kula chini ya mti huu hufa. Caesar anasimulia juu ya Catuvolcus, mfalme wa Waeburoni, kabila la Gallia, aliyejiua kwa tejo, na Florus, mwanahistoria wa Kirumi, anasema Wacantabria waliozingirwa na Warumi walijiua kwa sumu ya mti huohuo. Kwa watu wa milima hii si mti wa mapambo tu.

Sumu ipo, ila lazima iingie tumboni. Inaitwa taksini na hushambulia mapigo ya moyo. Imo kwenye majani, gome, mbao na mbegu, na haipotei majani yakikauka, ndiyo maana matawi yaliyokatwa na kuachwa njiani yameua farasi na ng'ombe wengi. Sehemu pekee isiyo na sumu ni nyama nyekundu inayozunguka mbegu. Ndege huimeza na kuitoa mbegu nzima. Mtoto huitafuna, na mbegu ikitafunwa sumu inatoka. Miti jike ndiyo yenye matunda hayo, na huiva majira ya vuli, kwa hiyo mwenye watoto awe macho zaidi Septemba na Oktoba. Hakuna dawa maalumu ya kuikata sumu hii. Mtu akimeza, piga 112 papo hapo, usingoje dalili.

Kukaa kivulini, kupumzika, hata kulala, hakuna ubaya wowote kwako. Kwa mti ni jambo jingine, nalo linafuata.

“Mtu mmoja akikumbatia shina haliharibiki kitu”

Shina halidhuriki. Kinachoumia ni udongo ulioukanyaga kwenda kulifikia. Mizizi myembamba inayonyonya maji na chumvi, pamoja na kuvu wanaoishi nayo, imejaa kwenye sentimita chache za juu, ile ngozi laini ya ardhi yenye majani yaliyooza. Kila kiatu kinaibana. Nafasi za hewa zikifungwa, maji ya mvua yanateleza badala ya kuingia, na mizizi inakosa pumzi. Mti mkongwe hauonyeshi maumivu mwaka huo. Ncha za matawi huanza kukauka baada ya miaka mingi, na hapo hakuna anayekumbuka nyayo.

Kanuni inayotumiwa na watunzaji wa miti mikongwe ni kuilinda ardhi pande zote za shina kwa umbali wa mara 15 ya kipenyo chake. Roblón una mzingo wa karibu mita 10. Gawa kwa 3.14: kipenyo ni mita 3.2. Mara 15 ni mita 48. Ukiwa umesimama hatua 60 kutoka kwenye shina, bado uko juu ya mizizi yake! Penye jukwaa la mbao, tembea juu ya mbao. Penye njia moja, usifungue ya pili kwa ajili ya picha.

“Mti wenye uwazi ndani unakufa”

Aliyekulia pwani keshaona mbuyu ambao watu huingia ndani, na mti bado unazaa. Mwaloni huishi kwa tabaka jembamba chini ya gome na pete za nje za mbao changa, zinazopandisha maji. Moyo wa shina ni mbao zilizokwisha kufa, zinazobaki kama nguzo. Kuvu wanaoula moyo huo wanarudisha chakula chake udongoni, na shina tupu mithili ya bomba hustahimili upepo vizuri ikiwa kuta zake ni nene. Zamani mashimo yalijazwa saruji kwa nia njema. Saruji haipindi mti unapopepesuka, inafungia unyevu, na kuoza kunaongezeka pembeni yake.

Uwazi huohuo ndio unaovuruga hesabu ya umri. Pete za katikati hazipo tena, hivyo hakuna wa kuzihesabu. Tejo nao hukua polepole mno, hukaribia kusimama kwa muda mrefu, kisha huchipua upya. Miti miwili yenye mzingo sawa inaweza kupishana karne kadhaa. Kibao kikisema “miaka elfu”, kichukulie kama makadirio. Mzingo ndio unaopimika: utepe wa kupimia uzunguke shina kwenye kimo cha mita 1.3, na penye mteremko anza kupima kimo hicho upande wa juu.

“Hatari ya njiani ni dubu”

Dubu wa kahawia wapo katika milima hii, na mbwamwitu pia, ila huwakwepa watu, na wageni wengi huondoka bila kuona hata nyayo. Utakayekutana naye ni mastín, mbwa mkubwa anayelinda mifugo. Mzunguko wa Tosande, wa kilomita 10 hivi na saa tatu hadi nne za kutembea, hupita malishoni. Mastín akija akibweka, simama, usikimbie, usiokote jiwe, zungumza kwa sauti ya kawaida, kisha lizunguke kundi kwa mbali bila kulikata katikati. Mbwa wako mwenyewe awe kwenye kamba tangu maegesho ya magari.