"Alikunywa, akapona" si ushahidi

Ukipanda daladala ya Mbagala au ukikatiza Kariakoo, hukosi kumsikia muuza dawa akimtaja mtu aliyekunywa chupa moja akapona. Huenda kweli alipona. Sisi watafiti tuna swali la kichokozi: asingekunywa, je? Maradhi mengi hupoa yenyewe.

Mwaka 1747 James Lind, daktari katika meli ya kivita ya Uingereza, aliwagawa mabaharia 12 wenye kiseyeye (ugonjwa wa kukosa vitamini C) wawili wawili. Chakula kilikuwa kimoja, dawa mbalimbali: wengine siki, wengine hata maji ya bahari. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka upesi. Jeshi la majini likakaa hadi 1795 ndipo likaagiza maji ya malimau melini. Urasimu haukuanzia kwetu.

Lind, hata hivyo, aligawa mwenyewe. Tabibu anaweza, pasipo kukusudia, kumpa dawa anayoiamini yule mwenye nafuu tayari. Jaribio la streptomaisini, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948, liliziba mwanya huo: dawa ilikuwa haba, basi wagonjwa wa kifua kikuu wakagawanywa kwa bahati nasibu, kundi la kila mmoja likiwa limeandikwa ndani ya bahasha iliyofungwa. Baada ya miezi 6, kati ya 55 waliopata dawa walikufa 4. Kati ya 52 waliopumzishwa kitandani tu, 14.

Wengi hawajui kwamba sehemu ya hadithi hii ni yetu. Miaka ya 1970 wagonjwa wa Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia walishiriki majaribio yaliyoonyesha kuwa mseto wa dawa wenye rifampisini unaweza kutibu kifua kikuu kwa miezi 6 badala ya 18. Anayemaliza dozi leo kwa nusu mwaka anavuna walichopanda wao.

"Wanatujaribia sisi," watu husema, na hofu hiyo haikuzuka hewani. Madaktari wa Kinazi waliwatesa wafungwa kwa jina la utafiti. Hukumu ya 1947 ya mahakama iliyowashtaki huko Nuremberg, Ujerumani, ikaweka ridhaa ya hiari kuwa sharti la kwanza. Hapa nchini, jaribio la dawa linahitaji kibali cha maadili cha NIMR (taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu) na idhini ya TMDA (mamlaka ya dawa na vifaa tiba). Ukialikwa kushiriki, omba kuonyeshwa vyote viwili, dai nakala ya fomu ya ridhaa, uliza kundi la ulinganisho, yaani wasiopewa dawa inayojaribiwa, litapewa nini. Ukitaka kujitoa katikati, unajitoa, na matibabu yako ya kawaida yanaendelea.