Kesi ya Maaskofu Saba, 1688: upande wa Mfalme ulikwama wapi

Kesi hii, ambamo maaskofu saba wa kanisa la taifa la Uingereza walishtakiwa kwa ombi walilomwandikia Mfalme James II, husimuliwa kama ushindi wa dhamiri dhidi ya mfalme. Ukiusoma mwenendo wake kwa jicho la wakili, utakuta kwamba kwa sehemu kubwa ya siku ile hakuna aliyegusa dini wala mipaka ya mamlaka ya mfalme. Walibishania mwandiko ni wa nani, na karatasi ilitolewa katika kaunti ipi. Laiti hoja hizo zingefika mwisho wake, maaskofu wangeachiwa mapema, na swali kubwa lisingesikilizwa kabisa.

Tuanze na chanzo. James II, Mkatoliki, alirithi ufalme wa Uingereza mwaka 1685. Sheria za nchi ziliwanyima vyeo vya umma Wakatoliki na Waprotestanti waliojitenga na kanisa la taifa, na ziliadhibu ibada zao. Bunge halikuwa tayari kuzifuta. Aprili 1687 mfalme akatoa Tamko la Uhuru wa Dhamiri lililozisimamisha, akalitoa upya tarehe 27 Aprili 1688. Tarehe 4 Mei akaamuru lisomwe makanisani wakati wa ibada: London tarehe 20 na 27 Mei, kwingineko tarehe 3 na 10 Juni. Kazi ya kulisambaza wakapewa maaskofu.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. Kumsamehe mtu mmoja asibanwe na sheria fulani ni mamlaka ambayo wafalme walikuwa wakiyatumia tangu zamani. Mwaka 1686, katika kesi ya Godden dhidi ya Hales, majaji 11 kati ya 12 waliyakubali. Kuisimamisha sheria nzima kwa watu wote bila Bunge ni jambo jingine, na ndilo Tamko lilifanya. (Sir Edward Hales wa kesi hiyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa ngome ya Tower maaskofu walipofungwa humo. Bahati mbaya gani.)

Niseme pia wazi: mfalme ndiye aliyekuwa akitoa uhuru wa ibada, na maaskofu walikuwa wakizitetea sheria zilizowabana wengine. Anayewaona kama mashujaa wa uhuru wa dini kwa maana ya leo hajalisoma ombi lao. Walichokataa ni njia iliyotumika.

Ombi liliandikwa tarehe 18 Mei katika kasri la Lambeth, kwa mkono wa Askofu Mkuu wa Canterbury mwenyewe, William Sancroft. Wenzake sita wakatia saini: Lloyd wa St Asaph, Turner wa Ely, Lake wa Chichester, Ken wa Bath na Wells, White wa Peterborough na Trelawny wa Bristol. Maneno yake yalichaguliwa kwa uangalifu. Hawakatai kwa kukosa utii, wala kwa kuwachukia waliojitenga na kanisa, bali kwa sababu Tamko limejengwa juu ya mamlaka ambayo Bunge limekwisha kuyatangaza mara kadhaa kuwa si halali. Sancroft alikuwa amepigwa marufuku kufika ikulu, kwa hiyo sita ndio waliovuka mto Thames hadi Whitehall usiku huo. Mfalme akasoma, akasema hiyo ni bendera ya uasi. Kabla hapajapambazuka nakala zilizopigwa chapa zilikuwa zikiuzwa mitaani. Jumapili ya tarehe 20, makasisi wachache sana wa London walilisoma Tamko.

Tarehe 8 Juni wakaitwa mbele ya baraza la washauri wa mfalme. Shtaka liliandaliwa kuwa la kuandika na kutoa andiko la uchochezi. Hilo halikuwa uhaini, lilikuwa kosa la ngazi ya chini ambalo adhabu yake ilikuwa faini au kifungo kwa uamuzi wa majaji. Walitakiwa waweke ahadi ya maandishi kwamba watafika mahakamani, wakakataa wakidai kuwa watu wa Baraza la Malordi hawalazimiki kufanya hivyo kwa kosa la namna hiyo. Wakapelekwa Tower kwa mashua, umati ukiwa umepiga magoti kando ya mto kuomba baraka. Kwa maoni yangu mfalme alianza kushindwa siku hiyo: angewaacha waende nyumbani, asingewapatia umati. Tarehe 15 Juni walikana shtaka mbele ya mahakama ya King's Bench, na safari hii wakaachiwa kwa kujidhamini wenyewe.

Kesi ilisikilizwa tarehe 29 Juni, Westminster Hall, mbele ya majaji wanne: Jaji Mkuu Wright, Allibone, Holloway na Powell. Juri ilichaguliwa kwa utaratibu maalumu: majina 48 yaliorodheshwa, kila upande ukafuta 12, na kati ya 24 yaliyobaki wakakaa 12. Msomaji wa Tanzania asiwafananishe na wazee wa baraza, ambao maoni yao hayamfungi jaji. Hawa 12 ndio waliotoa uamuzi, na ilibidi wakubaliane wote.

Mwanasheria Mkuu Powys na Wakili Mkuu Williams walipaswa kuthibitisha mambo matatu: kwamba maandishi na saini ni za washtakiwa, kwamba waliitoa karatasi kwa mtu mwingine ndani ya kaunti ya Middlesex, maana hati ya mashtaka ilitaja kaunti hiyo, na kwamba yaliyomo ni uchochezi.

La kwanza liliwatoa jasho. Mashahidi wa mwandiko waliyumba, kila mmoja akidhani hiki na kutokuwa na hakika na kile. Ikabidi aitwe Blathwayt, karani wa baraza, aseme kwamba aliwasikia maaskofu wakikiri saini zao mbele ya mfalme. Mawakili wa utetezi wakamhoji mpaka ikadhihirika kwamba walikiri baada ya kuamriwa na mfalme, wakitumaini kwamba maneno yao hayatageuzwa kuwa silaha dhidi yao. Kisheria ushahidi ulisimama, lakini juri ilisikia.

La pili lilikuwa baya zaidi. Lambeth iko ng'ambo ya mto, na wakati huo ilikuwa katika kaunti ya Surrey. Sancroft hakuwa ametoka huko. Wale sita walifika Whitehall, iliyokuwa Middlesex, lakini hakuna shahidi aliyeona karatasi ikikabidhiwa. Mfalme aliipokea mwenyewe, na mfalme haitwi kizimbani. Wright akaanza kuielekeza juri, na kwa hali ile mwelekeo ungekuwa mmoja tu: hawana hatia. Ndipo Finch, mmoja wa mawakili wa utetezi, akainuka kuomba asikilizwe. Wenzake wakamvuta akae chini. Katika mkanganyiko huo upande wa mfalme ukaleta habari kwamba Earl wa Sunderland, rais wa baraza, yuko njiani. Aliingia akibebwa kwenye kiti huku watu wakimzomea, akaeleza kwamba maaskofu walimwendea wakimwambia wana ombi la kumpa mfalme, naye akawapeleka. Pengo likazibwa.

Kwa kuliziba hilo, upande wa mfalme ulijifungulia mlango mbaya. Sasa utetezi ulilazimika kuzungumzia yaliyomo, na ulikuwa na watu wa kazi hiyo: Sawyer na Finch waliowahi kushika vyeo vilevile vya Powys na Williams, Pemberton aliyewahi kuwa Jaji Mkuu, Pollexfen, na kijana John Somers aliyesema maneno machache mwishoni. Hoja yao: ombi la faragha, lililotolewa kwa heshima na watu walioamriwa kutenda jambo wanaloliona haramu, haliwezi kuwa uchochezi, na kama mamlaka ya kusimamisha sheria hayapo, ombi halikusema uongo.

Majaji wakagawanyika wawili kwa wawili mbele ya juri. Wright na Allibone walisema ni uchochezi, Holloway na Powell wakasema sivyo. Powell akaongeza kwamba mamlaka hayo yakikubaliwa, hakutakuwa na haja ya Bunge. Juri ikipewa maelekezo mawili yanayopingana hubaki huru, na hilo ndilo kosa ambalo Wright hakuweza kulirekebisha.

Watu wa juri walifungiwa usiku kucha bila chakula. Mgumu wa mwisho alikuwa Arnold, mtengeneza pombe wa ikulu, aliyelegea alfajiri. Saa nne asubuhi ya tarehe 30 Juni wakatangaza kwamba hawana hatia, na hata askari wa mfalme waliopiga kambi Hounslow wakashangilia. Usiku huo barua ya kumwalika William wa Orange, mkwe Mprotestanti wa James, ikaondoka kwenda Uholanzi. Holloway na Powell wakafukuzwa kazi.

Watano kati ya saba, Sancroft akiwemo, walikataa baadaye kumwapia William alipochukua ufalme. Hata hivyo Hati ya Haki ya 1689 iliandika hoja za mawakili wao: kumshtaki mtu kwa kuwasilisha ombi kwa mfalme ni haramu, na kusimamisha sheria bila Bunge ni haramu moja kwa moja. Kumsamehe mtu mmoja, mamlaka yale ya Godden dhidi ya Hales, kulipigwa marufuku tu kwa namna kulivyokuwa kumetumika siku za karibuni.