Betri haihamishi jua la Juni hadi Desemba

Wengi hudhani tatizo la umeme wa jua ni usiku tu, kwa hiyo ukiongeza betri za kutosha mambo yamekwisha. Karibu na ikweta dhana hiyo haipotoki sana. Ujerumani ni habari nyingine: Desemba paneli huzalisha chini ya robo ya umeme wa Juni, maana siku ni fupi, jua liko chini na mawingu ni mengi.

Betri ya lithiamu inaweza kutunza chaji kwa miezi. Kinachoshinda ni gharama. Ikijazwa na kutumika kila siku, bei yake hugawanywa kwa mizunguko 365 kwa mwaka. Ikingoja majira ya baridi, hupata mzunguko mmoja, na umeme huo mchache ndio unaobeba gharama yote.

Ndiyo maana haidrojeni, gesi inayotengenezwa kwa umeme wa ziada na kugeuzwa umeme tena baadaye, hutajwa sana, ihifadhiwe kwenye mapango yaliyochimbwa ndani ya tabaka za chumvi ardhini, ingawa zaidi ya nusu ya umeme hupotea njiani. Denmark nayo huhifadhi joto la jua katika mashimo makubwa ya maji. Mimi ningeanza na upepo: huko Ulaya huvuma zaidi majira ya baridi, jua linapofifia, na hapo cha kuhifadhi hupungua.